Nani Alishinda Vita vya 1812?

Kila ninapofundisha vita vya mwaka 1812 kati ya Marekani na Uingereza, wanafunzi huniuliza swali lile lile: nani alishinda?

Taifa changa lilimtangazia vita mtawala wake wa zamani tarehe 18 Juni 1812. Lilikuwa na malalamiko ya haki: manowari za Uingereza zilikuwa zikiwakamata mabaharia kwenye meli za Kimarekani na kuwalazimisha kulitumikia jeshi lake, na biashara yake na Ulaya ilikuwa imebanwa. Lakini walikuwapo pia wanasiasa walioitamani Kanada na ardhi za wenyeji. Agosti 1814 Waingereza waliichoma moto Ikulu mjini Washington. Mkataba wa amani, uliotiwa saini Ghent tarehe 24 Desemba mwaka huo, uliirudisha mipaka ilivyokuwa kabla ya vita, wala haukusema lolote kuhusu mabaharia. Hata hivyo, Wamarekani walishangilia, na wengi wakaviita vita vya pili vya uhuru.

Tuna methali isemayo kuwa wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Hapa methali hiyo haitoshi. Tecumseh, kiongozi wa Washawnee, hakuwa nyasi. Alikuwa na mradi wa kisiasa: kuyaunganisha mataifa ya wenyeji ili ardhi yao isimegwe kipande kwa kipande. Alishirikiana na Waingereza kwa hesabu zake mwenyewe, akauawa vitani Oktoba 1813. Kifungu cha 9 cha mkataba kiliahidi kuwarejeshea wenyeji haki na mali walizokuwa nazo mwaka 1811. Wenyeji hao hawakuwapo mezani, Uingereza haikuisimamia ahadi hiyo, na Marekani haikuitekeleza. Nao watumwa kwa maelfu walitorokea upande wa Waingereza, kwa kuwa uhuru uliotetewa na taifa changa haukuwa wao.

Kwa hiyo huwajibu wanafunzi kwamba tembo wawili walitoka sare, na walioshindwa ni wale ambao hawakuitwa Ghent.

Nasi tuliozaliwa katika mataifa machanga tujipime kwa kipimo hicho. Kusimama imara mbele ya mkoloni wa jana ni jambo la heshima, lakini hakumpi raia haki ambayo serikali yake yenyewe inamnyima. Mtumishi wa umma anayeandaa hotuba ya sikukuu ya uhuru, na mwanaharakati anayeisikiliza, waulize pamoja: ni nani kati yetu ambaye uhuru huu bado haujamfikia, na ardhi yake iko mikononi mwa nani?