Mzazi si mgeni kwa mwanawe

"Baba, saa ya wageni imekwisha." Maneno hayo niliambiwa mlangoni mwa wodi ya watoto wachanga, katika hospitali moja hapa Mombasa, na muuguzi aliyekuwa amechoka kunishinda. Mwanangu alikuwa ndani ya inkubeta, kilo moja na robo, siku ya nne duniani. Nikapanda feri kurudi Likoni, na njia nzima nikijiuliza: ikiwa mimi ni mgeni, mwenyeji ni nani?

Sisi watu wa Pwani tuna ada zetu. Mzazi hukandwa kwa maji moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, akakaa ndani arobaini yake akitunzwa. Mtoto huadhiniwa sikioni, na siku ya saba hufanyiwa akika. Akizaliwa njiti, yote hayo hupinduka. Mke wangu, mshono wa upasuaji ungali mbichi, alikuwa akijikokota koridoni kila baada ya masaa matatu kupeleka maziwa aliyoyakamua. Alijilaumu: je, ni ile ndoo niliyoibeba? Ni ile safari ya Malindi? Mimi mchana nilijifanya jabali, usiku simu ikilia moyo unaruka. Siku ya saba ikapita hatujampa mtoto jina, kwa hofu ambayo hakuna aliyeitamka. Jamaa nao hawakujua walete hongera au pole, wengi wakanyamaza. Kimya kile kilituuma.

Najua hospitali zina sababu zake: maambukizi ni hatari, na wauguzi ni wachache. Lakini elimu ya leo haimweki mzazi nje ya mlango. Mtindo wa kumlaza njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, ulianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa sababu inkubeta hazikutosha. Utafiti uliofanywa Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, ukatangazwa 2021, ulionyesha kuwa kuanza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto hao kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza hivyo, masaa 8 hadi 24 kwa siku, na familia ishirikishwe katika malezi ya kila siku wodini. Yaani kifua cha mzazi ni sehemu ya tiba.

Sheria nayo itazamwe. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu na baba wiki mbili. Wiki zangu mbili ziliisha mtoto angali na mpira wa kulishia puani.

Serikali za kaunti zetu zikipanga bajeti za afya, zikumbuke kiti na kitanda cha mzazi kando ya mtoto, na mtu wa kuzungumza naye.

Wiki ya tatu, muuguzi wa zamu nyingine aliniambia nifungue shati. Akamlaza mwanangu kifuani. Jioni ile tulimpa jina.

Nawe ukisikia jirani amejifungua njiti, usingoje arobaini. Chukua uji, nenda, mpe hongera. Amezaa.