Kutafuta Habari Nako Hufundishwa

Mwanafunzi wa chuo kikuu apewapo insha ya muhula, huambiwa idadi ya kurasa na siku ya kuikabidhi. Ni nadra kuelekezwa namna ya kutafuta habari za kuijaza. Matokeo yake ni kunakili, na kunakili si usomi.

Tuchukue mfano wa kijana wa Mugumu anayetaka kuandika historia ya watu wa wilaya yake. Akitafuta neno "Serengeti" katika intaneti, atajibiwa kwa nyumbu, simba na hoteli za watalii. Wananchi hawaonekani. Si kwamba hawakuandikwa, bali jina alilolishika ndilo linalompoteza. Wakati wa utawala wa Waingereza sehemu hizo zilikuwa chini ya Wilaya ya Musoma, na Tarime ilikuwa katika Wilaya ya Mara Kaskazini. Kwa hiyo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ni lazima atafute kwa majina hayo ya zamani, na kwa majina ya Waikoma, Wanata na Wangoreme. Mwenzake wa Tarime naye akumbuke kwamba Wakurya huandikwa pia Kuria, na kwamba mpaka uliwagawa, hivyo Nairobi nako kuna kumbukumbu zao.

Wazee nao wasisahauliwe. Mwaka 2003 mwanahistoria Jan Bender Shetler alihariri kitabu cha historia za Mara Kusini zilizoandikwa na wenyeji wenyewe. Mzee ni chanzo kama kilivyo kitabu: aulizwe kwa heshima, atajwe akiridhia, na maneno yake yalinganishwe na maandishi.

Tunasema mambo mawili yafanyike. Kwanza, wahadhiri wawaite wakutubi darasani kabla insha haijaanza kuandikwa, na mwanafunzi aonyeshe alikotafuta, si alichokipata tu. Pili, halmashauri za Tarime na Serengeti zikusanye nakala za vitabu na taarifa zihusuzo wilaya hizo, ziwekwe mahali pa kusomea. Tangu Chuo Kikuu Huria kianzishwe mwaka 1992, mwanafunzi wa shahada aweza kuwa mwalimu au mkulima aishiye kijijini. Nauli ya kwenda Dar es Salaam isiwe ndiyo ada ya kuijua historia ya kwao.

Msomi asiyejua kutafuta habari za kwao atabaki kusimuliwa na wageni. Hilo tusilikubali.