Usingoje Mawingu Ndipo Uchimbe Mfereji

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yamewapotosha wakulima wengi, kwa maana mtu angojaye mawingu ndipo ashike jembe amekwisha kuchelewa. Shauri langu ni kwamba kujitayarisha kwa dhoruba ni kazi ya kiangazi, sawasawa na kulima na kuchagua mbegu.

Wako wenzetu wasemao kwamba mvua ni kazi ya Mungu. Ni kweli, hakuna awezaye kuizuia. Lakini njia ya maji shambani twaifungua au kuiziba sisi wenyewe.

Naungama kosa langu. Katika mwaka wa 1997, kabla ya mvua kubwa za El Nino, nilifukia mfereji wa kukinga maji uliokuwa juu ya shamba langu huku Kinangop, ili nipate mistari mitatu zaidi ya viazi. Maji yalipokuja hayakupata njia. Yalipita katikati ya viazi vyangu, yakaingia kwa jirani wa chini, yakachukua udongo wake na kubomoa ukuta wa jiko lake. Kwa bahati njema watoto walikuwa wamekwisha kulala katika nyumba kubwa. Kama sivyo, mistari mitatu ya viazi ingaliwaua.

Tangu siku ile nasema mfereji si mali ya mtu mmoja. Mashamba yetu yamepakana, na maji hayajui mpaka wala hati. Inafaa wote wenye mashamba ya mteremko mmoja wakutane, wamwite Bwana Shamba awapimie mstari, kisha wachimbe pamoja mpaka mahali penye majani ambapo maji yaweza kushuka polepole. Asiyetaka kuchimba, heri aambiwe barazani mapema kuliko kulaumiwa matangani.

Tusisahau Mai Mahiu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa juu yalipasuka yakashuka kwa kishindo, yakachukua nyumba na watu waliolala. Maji yaliyozibwa hungoja tu siku yake. Basi kila nyumba iliyo bondeni ijue tangu sasa itakimbilia mlima upi, na nani atambeba mzee na mtoto mchanga. Wala mtu asijaribu kuvuka maji yaendayo kasi. Hata yakifika chini ya goti yaweza kumwangusha mtu mzima.

Baada ya mfereji, tazama nyumba. Upepo huanza kung'oa mabati pembeni, kwa hiyo ongeza misumari huko, na ufunge mapaa kwenye nguzo kwa waya imara. Kata matawi makavu yaliyoinamia paa. Inua mbegu na mbolea juu ya mbao, zisiguse sakafu. Hati ya shamba, vitambulisho na vyeti vya watoto vitie katika mfuko wa plastiki, kisha ndani ya mkebe, na mkebe ukae mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua. Bibi akiwa peke yake siku hiyo, atautafuta wapi kama hukumwonyesha?

Radi nayo haina mzaha. Ukiona umeme, anza kuhesabu. Ngurumo ikisikika kabla hujafika 30, radi i karibu. Ingia nyumbani, ukae mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mti. Ng'ombe nao waondoe mapema chini ya mti ulio peke yake na karibu na seng'enge, kwa sababu nguvu ya radi hupita katika waya na katika ardhi, nayo yaweza kuua ng'ombe kadhaa kwa mara moja.

Wengine watasema kazi hizi ni nyingi. Mimi najibu kwamba nyingi zataka jembe, nyundo na siku chache za bidii, lakini ng'ombe mmoja wa maziwa hununuliwa kwa jasho la miaka. Sikiliza habari za hali ya hewa redioni kila jioni, lakini jembe lako litangulie redio. Mvua za masika huanza Machi. Nenda leo ukautazame mfereji wako, kisha umtazame jirani yako wa chini.