Nyaya za Sauti: Tununue Zipi?



Muhula huu kumekuwa na mazungumzo mengi katika shule yetu juu ya vyombo vya muziki. Wazazi wamekubali kuchanga, na sisi wa chama cha muziki tumetakiwa tuandike orodha ya vitu vya kununuliwa. Juu ya spika hapakuwa na ubishi mkubwa, wala juu ya gitaa na kinanda. Ubishi umezuka juu ya kitu ambacho watu hukiweka mwisho wa orodha, nacho ni nyaya za kuunganishia vyombo hivyo. Wako wasemao, "Waya ni waya, tununue ulio rahisi." Wako na wengine wasemao, "Nyaya zote ziwe za balansi, hata fedha zikitumalizikia." Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, nami naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu.

Kwanza yafaa tukumbuke mahali tulipo. Bagamoyo ni mji wa ngoma na nyimbo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Kila mwaka watu huja toka mbali kutazama tamasha lake. Hapa ndipo alipokaa na kufundisha marehemu Hukwe Zawose, mtu wa Ugogo, ambaye zeze lake na ilimba yake zilisikika mpaka Ulaya, akarekodi nyimbo zake na kampuni ya Real World ya Uingereza, akafariki mwaka 2003. Sasa ilimba ni chombo cha sauti ndogo. Tena ina vitundu vilivyofunikwa utando wa buibui, navyo hutoa mlio mwembamba wa kuvuma uliokusudiwa na fundi aliyeitengeneza. Maikrofoni ikiunganishwa kwa waya mbaya, spika nazo huvuma mvumo wao wa umeme, na ule mlio wa utando hausikiki tena. Basi msikilizaji amenyimwa kile kilichomleta. Hii ndiyo sababu nasema habari ya nyaya si jambo dogo kwa shule ya Bagamoyo.

Sasa nieleze tofauti ya aina hizi mbili. Waya wa kawaida, usio wa balansi, una njia mbili. Katikati pana waya mmoja unaochukua sauti, na kuuzunguka pana wavu wa nyuzi za shaba. Wavu huo umepewa kazi mbili kwa pamoja: kuwa ngao ya kuzuia mvumo wa nje, na kuwa njia ya kurudia umeme wa sauti. Hapo ndipo penye udhaifu. Mvumo ukiingia katika wavu, huwa umekwisha kuchanganyika na sauti yenyewe, na amplifaya haiwezi kujua lipi ni la mwimbaji na lipi ni la taa za ukumbini. Waya wa gitaa wenye jeki ni wa namna hii, na waya wenye pini za RCA, ule wa redio na deki, ni wa namna hii pia.

Waya wa balansi una njia tatu. Ndani mna nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na nje pana wavu ambao kazi yake ni ngao tu. Waya wa kwanza huchukua sauti kama ilivyo, na wa pili huichukua sauti ile ile ikiwa imegeuzwa juu chini. Mwisho wa safari mashine inayopokea hutoa moja katika nyingine. Wenzangu wa hesabu wataona uzuri wake upesi. Tuseme sauti ni 3, na mvumo ulioingia njiani ni 1. Kwa kuwa nyaya mbili zimesokotwa pamoja, mvumo huzipata zote mbili sawasawa. Waya wa kwanza utakuwa na 3 na 1, yaani 4. Wa pili utakuwa na kasoro 3 na 1, yaani kasoro 2. Toa kasoro 2 katika 4, utapata 6. Sauti imekuwa mara mbili, na mvumo umekwenda zake. Kwa kweli hauishi kabisa, maana hakuna nyaya zinazofanana kwa ukamilifu, lakini chombo kizuri chaweza kuupunguza hata isibaki ila sehemu moja katika elfu.

Maarifa haya si mapya, wala hayakuanza na wanamuziki. Simu za kwanza za Ulaya na Marekani zilitumia waya mmoja tu, na ardhi yenyewe ikafanywa njia ya kurudia. Taa za umeme na magari ya umeme yalipoanza mijini, watu wakawa hawasikilizani kwa kelele. Ndipo nyaya zikafanywa mbili, na hati ya uvumbuzi wa kuzisokota pamoja Alexander Graham Bell alikuwa ameipata tayari mwaka 1881. Studio za redio na kumbi za muziki ziliyapokea maarifa hayo toka kwa mafundi wa simu.

Je, kwa sababu hiyo tununue balansi kwa kila kitu? La. Waya wa balansi wafaa pale tu ambapo chombo kinachotoa na chombo kinachopokea vyote vimetengenezwa kwa namna hiyo. Gitaa la umeme lina tundu la njia mbili. Vinanda vingi vya shule ni vivyo hivyo. Ukichomeka waya wa balansi katika gitaa, ile njia ya tatu haina kazi, nawe umelipa fedha zaidi kwa faida ambayo haipo. Ni kama kukata tikiti mbili za basi la Dar es Salaam ukasafiri peke yako. Muuza duka hatakuambia hayo, maana kazi yake ni kuuza.

Kwa hiyo maswali ya kuuliza ni mawili: sauti hii ina nguvu kiasi gani, nayo inasafiri mwendo gani? Maikrofoni hutoa umeme mdogo sana, elfu chache tu za volti moja. Mvumo mdogo wa umeme wa nyumbani, ambao hapa kwetu ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, waweza kuumeza kwa urahisi. Kwa hiyo maikrofoni ipewe waya wa balansi sikuzote, wenye plagi za XLR, hata kama mwendo ni mfupi. Waya huo waweza kwenda mita 100 bila taabu. Tena maikrofoni za aina ya kondensa hupelekewa umeme wa volti 48 kwa njia ya waya huo huo wa balansi, na bila huo hazisemi kitu. Lakini gitaa lililo mita 3 toka amplifaya yake halihitaji ila waya wake wa kawaida ulio mzuri. Likiwa mbali zaidi ya mita 5 au 6, mambo hubadilika. Mvumo huongezeka, na tena waya wenyewe hunyonya sauti nyembamba za juu, gitaa likawa kama linapigwa ndani ya blanketi.

Kwa kinanda kilicho jukwaani, na meza ya kuchanganyia sauti iliyo nyuma ya watazamaji mita 30, dawa ipo. Ni kisanduku kidogo kiitwacho DI. Waya mfupi wa kawaida hutoka katika kinanda ukaingia kisandukuni, na kisanduku huigeuza sauti kuwa ya balansi kwa safari ndefu. Visanduku viwili vya namna hiyo vitatufaa kuliko rundo la nyaya ndefu za bei kubwa.

Niongeze neno moja juu ya spika. Waya wa kutoka amplifaya kwenda spika isiyo na umeme wake si wa balansi wala si wa gitaa. Huo huchukua nguvu nyingi, na wataka nyaya mbili nene. Atakayeunganisha spika kwa waya mwembamba wa gitaa atapoteza nguvu, waya utapata moto, na pengine amplifaya itaharibika.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu hasa. Mvumo ukizidi, wako mafundi wa mitaani ambao dawa yao ni kukata waya wa ethi katika plagi ya umeme. Ni kweli kwamba mara nyingi mvumo hukoma. Hukoma kwa sababu vyombo viwili vilivyochomekwa mahali mbalimbali vilikuwa vimefanya duara la ethi, na duara hilo limekatwa. Lakini pamoja na duara, kinga ya uhai wa mtu nayo imekatwa. Siku amplifaya hiyo ikipata hitilafu, nyuzi za gitaa zaweza kuwa na umeme, na kijana anayelipiga akigusa maikrofoni kwa midomo, umeme utapita mwilini mwake. Hii si hadithi ya kutishia watoto. Tarehe 3 Mei 1972, katika mji wa Swansea, mpiga gitaa Leslie Harvey alikufa jukwaani mbele ya watu alipogusa maikrofoni huku mikono yake imeshika nyuzi za gitaa. Kwetu pwani tunacheza pekupeku juu ya saruji yenye unyevu, na jasho linatutoka. Hatari yetu si ndogo kuliko ya watu wa Swansea.

Kwa hiyo nasema wazi: ethi ya umeme isikatwe kamwe, na mtu yeyote asije na chombo chake shuleni kilichokatwa ethi. Mvumo una dawa za halali. Vyombo vyote vya jukwaani na meza ya sauti vichukue umeme toka mahali pamoja. Nyaya za sauti zisilazwe sambamba na nyaya za umeme, na zikikutana zipishane kama msalaba. Na pale duara la ethi linapobaki, kisanduku cha DI kina swichi ya kukata wavu wa sauti peke yake, wala hakigusi ethi ya umeme. Haya yote ni kazi ya dakika chache, nayo yapita bei ya mazishi.

Yako mambo mengine yatupasayo sisi wakaaji wa pwani. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula shaba. Waya uliotupwa sakafuni mwa ukumbi wenye madirisha wazi huota kutu ya kijani ndani ya plagi, ukaanza kukwaruza. Hapo hata waya wa balansi haufai kitu, maana njia moja ikiwa dhaifu kuliko nyenzake, zile hesabu za kutoa hazitoki sawa. Yafaa tuwe na sanduku lenye kifuniko, kila waya ukunjwe taratibu bila kuuvunja shingo, ukafungwe kwa kamba na kuandikwa urefu wake.

Basi haya ndiyo mapendekezo yangu kwa Mwalimu Mkuu na kwa wazazi. Tununue nyaya 6 za XLR za mita 10 kwa maikrofoni. Waya mmoja mnene wa njia nyingi wa mita 30, ule ambao mafundi huuita nyoka, toka jukwaani hadi kwenye meza ya sauti. Visanduku 2 vya DI. Na nyaya 4 za kawaida za mita 3 kwa gitaa na kinanda. Zaidi ya hizo tusinunue. Fedha itakayobaki itununulie chombo cha kulehemu, risasi yake, na plagi za akiba, ili somo la Fizikia litufundishe kutengeneza nyaya zetu wenyewe. Mwanafunzi aliyefungua plagi ya XLR akaona kwamba pini ya 1 ni ya wavu, ya 2 ni ya sauti, na ya 3 ni ya sauti iliyogeuzwa, hatasahau hesabu ile maisha yake yote. Tena aweza kuja kupata riziki kwa kazi hiyo, maana tamasha, harusi na mikutano haiishi katika mwambao huu.

Najua mzazi mmoja aweza kuuliza, "Mbona zamani ngoma zilipigwa bila waya, nazo zikavuma?" Swali ni la haki. Ngoma kubwa haihitaji waya hata leo, na kwa ngoma hiyo tusiweke maikrofoni. Lakini mtoto anayeghani shairi, au anayepiga zeze mbele ya watu 500, hana nguvu ya ngoma. Huyo asiposaidiwa kwa waya mwema, sauti yake haitafika safu ya nyuma, na wazazi wake wakikaa huko watarudi nyumbani bila kumsikia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Orodha bado haijapelekwa dukani, na nafasi ya kuitengeneza ingalipo. Atakayeona nimekosea na aandike, tujibizane kwa hoja katika toleo lijalo.

Wasalaam,
Mwanachama wa Chama cha Muziki