Pima Kabla ya Kuuza
Juma hili hapa Habaswein nililiona gari kuukuu aina ya Toyota Starlet ambalo alfajiri huwaka mara moja, lakini adhuhuri, likisha kuwasili kutoka Wajir na injini ingali moto, hulia "tak" kisha likanyamaa. Na ilhali kijana mmoja alikwisha kuagiza betri mpya, fundi mzee, ambaye subira yake naistahi mno, alipima volti 12.6, wala hazikuporomoka ufunguo ulipozungushwa, ndipo akaufuata waya uendao kwenye bodi akaukuta umeliwa na kutu ya kijani chini ya vumbi. Maradhi ya kuja na kuondoka hukamatwa yangalipo. Kumuuzia maskini betri bila kupima ni dhuluma.