Wacheni Story za Dubu, Tuongee Chumvi

Kila nikiposti kitu kuhusu tabianchi, komenti ya kwanza huwa ile ile: "Hiyo ni story ya wazungu. Sisi Kisii hata bahari hatuna." Ya pili hutoka kwa wale wanaojali, au wanaojifanya wanajali: picha ya dubu mweupe amesimama kwenye kipande cha barafu, na maandishi makubwa, "Barafu ya bahari inayeyuka, Mombasa inazama!"

Leo nagombana na pande zote mbili. Wa kwanza wamekosea jiografia. Wa pili wamekosea fizikia. Na kati yao, sisi vijana wa Kisii na Nyamira tumebaki bila maelezo ya maana kuhusu kitu kinachogusa mvua, na mvua ndiyo inalipa karo zetu.

Tuanze na wewe wa "haituhusu". Mto Gucha, ambao huko chini wanauita Kuja, unaanzia milima ya Kiabonyoru pale Nyamira. Unapita Kisii, unateremka Migori, unaingia Ziwa Victoria. Mvua ikinyesha vibaya huku kwetu juu, watu wa Nyatike ndio wanaohama nyumba. Wengine wao hawajawahi kukanyaga Nyamira. Hawajaiona hiyo mvua, hawakusikia hata ngurumo yake. Wao huiona tu ikiingia mlangoni. Sasa wewe unayeishi juu ya mto, unayejua kabisa kwamba maji yako humfikia mtu usiyemjua, unasemaje kwamba kitu kinachotokea mbali hakiwezi kukufikia wewe? Kwa mtu wa Nyatike, wewe ndiye Aktiki.

Sasa wewe wa dubu. Chukua glasi ya maji, weka vipande vya barafu vielee, weka alama kwenye usawa wa maji, subiri viyeyuke. Maji hayatapanda. Barafu inayoelea tayari imeshachukua nafasi yake ndani ya maji. Barafu ya bahari ni hiyo hiyo: ni bahari yenyewe imeganda na inaelea, kwa hivyo ikiyeyuka haiinui usawa wa bahari kwa kiwango cha kuzungumziwa. Inayoinua bahari ni barafu ya nchi kavu, kama ile ya Greenland na ile iliyolala juu ya bara la Antaktika, ikitiririka na kuingia majini. Hizo ni barafu mbili tofauti. Ukizichanganya, mtu mmoja tu aliyesoma fizikia ya kidato cha pili atakuumbua kwenye komenti, na wote waliokuwa wanakusikiliza wataenda nyumbani wakiamini kwamba jambo lote ni uongo.

Kwani basi barafu ya bahari ina shida gani? Shida iko kwenye chumvi.

Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila kilo moja. Yakishuka mpaka karibu nyuzi 1.8 chini ya sifuri, yanaganda. Lakini barafu haitaki chumvi. Inapojitengeneza, inaifukuza. Barafu ya msimu mmoja hubaki na gramu kama 5 tu kwa kilo, na ile iliyokaa miaka kadhaa huwa na kidogo zaidi. Ile chumvi iliyofukuzwa inaingia kwenye maji yaliyo chini, yanakuwa baridi, mazito, na yanazama. Joto likirudi, barafu inayeyuka na kumwaga juu ya bahari maji ambayo karibu hayana chumvi. Hayo ni mepesi. Yanabaki juu.

Huamini? Jaribu na chai, si tunaikuza. Koroga vijiko vitatu vya chumvi kwa glasi ya maji. Halafu chukua strungi iliyopoa kabisa, bila sukari, uimwage polepole sana ukipitisha kwa mgongo wa kijiko. Itakaa juu kama kifuniko. Hicho kifuniko ndicho kinachotengenezwa kwenye uso wa bahari barafu nyingi ikiyeyuka mahali pamoja.

Kifuniko hicho kina madhara gani? Kule kaskazini mwa Atlantiki, maji ya joto yenye chumvi nyingi hutoka upande wa tropiki, yanafika karibu na Greenland na Iceland, yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama, kisha yanarudi kusini yakipitia chini. Ni kama mkanda wa kiwandani, unaozunguka na kubeba joto la dunia. Chumvi ni sehemu ya uzito unaouvuta ule mkanda. Ukimwaga maji mengi yasiyo na chumvi juu yake, maji ya pale yanapoa sawa, lakini yanakataa kuzama. Mkanda unapungua kasi.

Na hii si nadharia ya darasani tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 barafu nyingi kuliko kawaida ilitoka Aktiki kupitia mlango wa bahari wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard, ikayeyukia Atlantiki. Bonge la maji yenye chumvi pungufu likazunguka kaskazini mwa bahari hiyo kwa zaidi ya miaka 10. Wanasayansi waliliita Tukio Kuu la Chumvi. Lilipofika bahari ya Labrador, karibu na Kanada, ule uzamaji wa maji wa msimu wa baridi ulikatika kwa miaka kadhaa, kuanzia 1969 hivi. Barafu iliyoyeyuka ilitosha kuzima sehemu ya mtambo.

"Sawa, lakini hiyo ni Kanada." Ngoja basi nikurudishe nyumbani.

Lile ziwa ambalo Gucha inamwaga maji yake liliwahi kukauka. Ndiyo, Ziwa Victoria. Mwaka 1996, Thomas Johnson na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya kuchimba matope ya sakafu ya ziwa. Chini ya matope ya kawaida walikuta udongo wa nchi kavu, wenye alama za mizizi ya mimea. Watu wa sayansi hubishana kama lilikauka lote au lilibaki na madimbwi, lakini ziwa lilikuwa limekwisha, na likajaa tena miaka kama 14,500 iliyopita. Halafu 2011, Curt Stager na kundi lake, kwenye jarida hilo hilo, walionyesha kuwa ukame mkali wa miaka 17,000 hadi 16,000 iliyopita uligusa sehemu kubwa ya Afrika na Asia kwa pamoja. Wakati huo ndio milima ya barafu ilikuwa inakatika kutoka kaskazini na kuyeyukia Atlantiki, ikapunguza chumvi ya uso wa bahari na kudhoofisha ule mkanda.

Kuwa makini hapa: ile ilikuwa barafu iliyotoka nchi kavu, tena nyingi ajabu, zama ambazo karatasi za barafu zilifunika Kanada. Hali ya leo si ile. Lakini njia ni moja: maji yasiyo na chumvi juu ya Atlantiki, mkanda unalegea, mikanda ya mvua ya tropiki inasogea. Na msee wa Suneka anaambiwa haimhusu!

Sitakudanganya kwamba mahindi yaliyonyauka msimu fulani kule Nyamaiya yaliuawa na barafu ya Aktiki. Mvua zetu za mwaka hadi mwaka zinasukumwa zaidi na joto la Bahari ya Hindi na mambo kama El Niño. Na ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, ya 2021, inasema mkanda wa Atlantiki una uwezekano mkubwa sana wa kudhoofika karne hii, ila haitarajii uanguke ghafla kabla ya 2100, ingawa uhakika wao hapo ni wa wastani. Hiyo ndiyo lugha ya watu wazima. Haipati views kama "dunia inaisha", lakini inakuwezesha kupanga.

Tena wenye haraka ya views ndio wametuharibia kabisa. Mwaka 2025 utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, ulitumia vipimo vya setilaiti na kukuta jambo la kushangaza: tangu mwaka 2015 hivi, uso wa bahari kuzunguka Antaktika umekuwa ukiongezeka chumvi, wakati barafu inapungua. Wengi walitarajia chumvi ipungue. Maana yake ni nini? Kule kusini maji ya chini yana joto kuliko ya juu. Uso ukiwa na chumvi, kile kifuniko chepesi kinapotea, joto la chini linapanda na kuila barafu kwa chini. Mwaka 2023 barafu ya Antaktika ilipofika kilele chake cha msimu wa baridi, ilikuwa pungufu kwa takribani kilomita za mraba milioni 1 kuliko rekodi ya chini iliyokuwepo, ya 1986.

Hiyo peke yake ni habari kubwa. Lakini mtandaoni ikageuka kuwa "mkondo wa bahari umegeuka upande!" Utafiti ulipima chumvi na barafu. Haukupima mkondo kugeuka. Watu wakashea bila kusoma, wakakosolewa, na wale wa "story ya wazungu" wakapata cha kuchekea. Asanteni sana kwa msaada.

Kwa nini naumwa na hii? Kwa sababu mzazi anayepeleka majani chai Sanganyi au Nyansiongo hana paipu ya kunyunyizia maji. Ana mawingu tu. Mashamba yetu yamegawanywa mpaka mengine ni ya kuruka kwa hatua chache. Kama mvua yetu inategemea mitambo iliyo mbali hivyo, mitambo ambayo hakuna MCA anayeweza kuitengeneza, basi kilicho mikononi mwetu ni kimoja: kushika maji yakishafika. Na sisi tunafanya kinyume. Nenda bonde lolote la Gusii uangalie. Pale palipokuwa na kinamasi pana mikaratusi, imepangwa mpaka kwenye ukingo wa mto, inanyonya. Halafu siku ya mazingira kiongozi anapiga picha akipanda mti, na sisi tunapiga makofi bila kuuliza ni mti gani, na unapandwa wapi.

Kenya ina Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi tangu 2016, na inataka somo hili liingizwe kwenye mitaala. Somo likifundishwa kwa picha ya dubu, tumepoteza muda. Mwalimu, beba chumvi na strungi darasani. Wewe mwenye kontenti, kabla ya kuposti jiulize: hii ni barafu ya nchi kavu au ya bahari? Inaongeza chumvi au inapunguza? Kama hujui, usiposti bado.

Na wadi yako ikiita mkutano wa bajeti, nenda. Usiende kuongea habari za Mombasa kuzama. Uliza chemichemi za kwenu zinalindwa na nani, na ile mikaratusi ya kando ya Gucha inatoka lini. Wakikuuliza wewe kijana wa Kisii unajua nini kuhusu tabianchi, waambie ziwa la hapo chini lilishawahi kukauka, na waeleze chumvi ya Atlantiki iliingiaje.