Magari ya Biashara Yataka Nidhamu ya Kambini

Kila mwaka askari wa jeshi na wa polisi wa Uganda huvua sare kwa heshima na kurudi uraiani, kila mmoja na kiinua mgongo chake. Wengi wao, pamoja na baadhi ya walio bado kazini waliojiwekea akiba, hununua basi dogo la abiria au lori la mizigo, kwa nia ya kuongeza la pili na la tatu. Fikira hiyo si mbaya. Nchi yetu haina pwani, na sehemu kubwa ya bidhaa zinazotoka ng'ambo hupitia bandari ya Mombasa, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Kampala, zikaletwa kwa malori kupitia Malaba na Busia. Kazi ya uchukuzi ipo, na itaendelea kuwapo.

Hata hivyo, twayaona kwa macho yetu mambo yanavyokwenda. Mwaka wa kwanza gari lang'aa; mwaka wa pili lakohoa; mwaka wa tatu limeinuliwa juu ya mawe nyuma ya gereji, na majani yameota pale palipokuwa na magurudumu. Mwenyewe husema kwamba biashara ya magari ina mkosi. Sisi hatukubaliani naye. Mtu aliyelitumikia taifa kwa miaka 20 amefundishwa mambo mengi yanayohitajiwa katika kazi hiyo. Kosa lake ni kwamba mafunzo hayo aliyaacha langoni mwa kambi siku aliyorudisha sare.

Tukumbuke desturi ya kambini. Gari halitoki kabla ya kukaguliwa mafuta, maji, breki na magurudumu. Kuna kitabu kinachoandikwa dereva ni nani, ametumwa na nani, amekwenda kilomita ngapi, na ametiliwa lita ngapi. Gari likirudi na dosari, dosari hiyo huandikwa siku ile ile. Sasa tumtazame askari huyo huyo akiwa mfanya biashara. Jioni dereva anarudi, naye humwuliza neno moja tu: "Pesa iko wapi?" Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari si mapambo. Tuchukue mfano wa lori ambalo mwenyewe amelipima, akaona kwamba likiwa na mzigo hutumia lita 40 kwa kila kilomita 100. Katika safari ya kilomita 1,100 litahitaji lita 440. Likitumia lita 520, ama injini yaugua, ama kuna mtu anayenyonya dizeli njiani. Asiye na daftari hatajua ni lipi kati ya hayo mawili. Atamfukuza dereva mwaminifu, au atamweka mwizi.

Kosa la pili ni kuyala mapato yote kana kwamba ni faida. Tuseme gari limenunuliwa kwa shilingi milioni 60, na latazamiwa kufanya kazi kwa miaka 5. Miaka 5 ni miezi 60; kwa hiyo kila mwezi yapasa shilingi milioni 1 iwekwe benki au katika chama cha akiba kwa ajili ya gari litakalofuata, mbali na fedha za magurudumu, vipuri na bima. Asiyeiweka hali faida, bali anakula gari lenyewe, leo mlango, kesho injini. Isitoshe, tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza nchini magari yaliyozidi miaka 15 tangu kuundwa, isipokuwa aina chache. Basi hata yule anayetumaini kuokota gari kuukuu la bei rahisi baadaye, njia hiyo imekuwa nyembamba.

Kosa la tatu lahusu maisha ya watu. Wenye magari wengi humpangia dereva kiasi cha kuleta kila siku, na kinachozidi ni chake. Mpango huo ndio unaomfukuza dereva mbio, ukamfanya ajaze abiria na kuendesha usiku akiwa amechoka.

Historia ya vita yatufundisha jambo hili. Mwaka 1944, baada ya majeshi ya Marekani na washirika wake kutua Ufaransa, malori ya Jeshi la Marekani yalipangwa kupeleka mahitaji mstari wa mbele, mchana na usiku, kuanzia mwezi Agosti hadi Novemba. Kazi hiyo iliitwa Red Ball Express, na wengi wa madereva wake walikuwa Wamarekani weusi. Siku moja ya Agosti magari karibu 6,000 yalipeleka zaidi ya tani 12,000. Yalikuwa mafanikio makubwa, lakini malori yalipakiwa kupita kiasi, matengenezo yakaahirishwa, magurudumu yakalika, na madereva wakasinzia kwenye usukani. Serikali iliyo vitani yaweza kuleta malori mengine. Mstaafu hana kiwanda nyuma yake. Dereva na alipwe mshahara unaojulikana, apumzike, na apewe tuzo kwa gari linalorudi salama.

Mwisho, twapenda kusema bila kuficha. Wako wachache ambao gari lao likisimamishwa barabarani au kwenye mizani, simu hupigwa: "Afande, hilo ni langu, liache lipite." Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, na tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu 4. Kikomo hicho kina sababu. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya miaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli ikizidishiwa uzito kwa sehemu moja ya tano, madhara yake kwa barabara huwa karibu maradufu. Anayepiga simu hiyo anaharibu barabara ile ile ambayo gari lake litapita kesho. Na breki zilizokufa hazitambui cheo cha mwenye gari.

Kwa hiyo, ndugu askari, gari lako na liwe la kwanza kusimama linapoamriwa, na la kwanza kukaguliwa alfajiri. Nidhamu uliyofundishwa kambini ni mali yako, na wala haikurudishwa ghalani pamoja na sare.